Fox, CNN, MSNBC na rais wa Marekani: tusitazame wanachosema tu, tutazame wanachokata

MsomaMagazeti:

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani kila rais wa Marekani akipiga chafya, mmoja analeta kipande cha Fox News, wanaoegemea Warepublican, mwingine anajibu na cha CNN au MSNBC, wanaoegemea upande wa Wademocrat, na kabla ya ukurasa wa pili tumeshaitana wajinga. Leo naomba tuweke kando swali la nani mkweli, tuitazame kazi yenyewe inavyofanyika chumba cha habari. Nimevifuatilia vyombo hivi miaka mingi. Uongo wa wazi upo, nitaufikia, lakini silaha yao kuu ni mkasi. Na aliyeshika mkasi hamwogopi rais hata nusu ya anavyomwogopa mtazamaji wake.

Tuanze na samaki.

Novemba 2017 Trump yuko Tokyo, Kasri la Akasaka, amesimama ukingoni mwa bwawa na mwenyeji wake, waziri mkuu wa Japani Shinzo Abe. Kila mmoja ana kisanduku cha chakula cha samaki na kijiko. Wanachota, wanarusha, wanachota tena. Kipande kilichosambaa siku ile, na CNN wakiwa miongoni mwa waliokirusha, kinamsogelea Trump peke yake pale anapokimimina kisanduku chote majini. Mitandao ikaangua kicheko: mtu mzima hata kulisha samaki hajui. Video nzima ilipoonekana, kumbe aliyetangulia kumimina ni Abe, mgeni kafuata mwenyeji. Hakuna aliyetamka neno la uongo. Kamera imesogezwa mbele kidogo, basi.

Sasa ruka mpaka Juni 2024, mkutano wa G7, Puglia kule Italia. Viongozi wanatazama maonyesho ya warukaji wa miavuli. Biden anageuka, anajitenga na wenzake hatua kadhaa, ananyoosha dole gumba kuelekea upande ambao hatuuoni, na Giorgia Meloni, waziri mkuu wa Italia, anamfuata kumrudisha kundini. New York Post, gazeti la akina Murdoch wenye Fox News, likaipa ukurasa wa mbele kwa kichwa cha kumcheka kwamba rais anatangatanga. Ukipata picha pana, pale upande uliokatwa kuna mrukaji aliyetua, na ndiye aliyenyooshewa dole gumba.

Ukiziweka video hizi mbili pamoja, fundi ni yuleyule. Walengwa ndio wamebadilishana.

Ila hii ya Biden ina mkia, na mkia wenyewe ndio unaonikera. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Juni, akapanda jukwaani Atlanta kwa mdahalo ulioandaliwa na CNN, na kila mwenye macho aliona mzee amechoka: sentensi zinakatika, mawazo yanampotea. Kwa hiyo kipande cha Italia kilikuwa kimepotosha, lakini swali lililokuwa nyuma yake lilikuwa halali kabisa. Watazamaji wa MSNBC (siku hizi inaitwa MS NOW) ambao miezi mitatu kabla, mwezi Machi, walimsikia mtangazaji wao Joe Scarborough akiwahakikishia kwamba Biden huyu wa sasa ndiye Biden bora kuliko wote waliowahi kuwapo, usiku ule walipigwa na butwaa. Wao walikuwa wameonyeshwa kila video bandia ya kumsingizia uzee, wakaelezwa namna ilivyokatwa, wakahitimisha kwamba na uzee wenyewe umetungwa. Asubuhi iliyofuata Scarborough huyohuyo anahoji kama mzee aendelee kugombea. Tarehe 21 Julai Biden akajitoa.

Mambo ya kipuuzi sitayakalia. Mwaka 2009 Obama aliagiza baga na kuomba haradali kali, Sean Hannity wa Fox akaifanya kichekesho cha kipindi: rais wa makabwela gani huyu anakula haradali ya Kifaransa. Mwaka 2014 akavaa suti ya kaki kwenye mkutano na waandishi kuhusu Syria, suti ikajadiliwa kuliko Syria. Zamu ya Trump ikafika 2017: jarida la Time likaandika kwamba kwenye chakula cha jioni Ikulu yeye aliletewa vijiko viwili vya aiskrimu na wageni kimoja kimoja, CNN wakatenga muda hewani kuijadili aiskrimu. Haya yanachekesha, na yametungwa yachekeshe, maana mtazamaji anayemcheka rais habadilishi chaneli.

Kubwa zaidi ni kimya.

Usiku wa tarehe 9 Juni 2022 kamati ya Bunge iliyochunguza wafuasi wa Trump kulivamia Bunge Januari 6, 2021 ilianza vikao vyake hadharani, saa za watazamaji wengi. ABC, CBS, NBC, CNN na MSNBC wote walikuwa mubashara. Takriban watu milioni 20 walitazama. Fox News wakaendelea na Tucker Carlson, kisha Hannity, kama usiku wowote ule, na kikao wakakipeleka kwenye chaneli yao ya biashara ambayo ina watazamaji wachache. Lakini tazama hili: saa zile mbili Fox News hawakuweka tangazo hata moja. Televisheni ya biashara, saa zenye pesa nyingi kuliko zote, inaacha matangazo! Tangazo ni nafasi ya kushika rimoti. Hawakutaka mtu ashike rimoti usiku ule.

Upande wa pili nao wana kimya chao. Januari 2024 Trump aliposhinda uchaguzi wa awali wa Iowa, MSNBC hawakurusha hotuba yake ya ushindi moja kwa moja. Mtangazaji wao Rachel Maddow akawaeleza watazamaji kwamba kurusha maneno ambayo unajua si ya kweli kuna gharama kwa chombo cha habari. Hoja ina uzito, siikatai. Ila mtu anayetazama kituo hicho peke yake hakumsikia mshindi wa usiku ule akizungumza.

Sasa hofu. Nimesema wanamwogopa mtazamaji kuliko rais. Ushahidi ninao, na umetoka kwa Fox wenyewe.

Usiku wa uchaguzi, tarehe 3 Novemba 2020, saa tano na dakika ishirini usiku kwa saa za mashariki, dawati la matokeo la Fox lilitangaza kwamba Arizona imekwenda kwa Biden. Walitangulia vyombo vingine vyote. Na walikuwa sahihi. Biden alilichukua jimbo kwa kura 10,457. Shirika zima likatikisika. Kambi ya Trump ikawaka, lakini kilichowatisha zaidi ni watazamaji kuanza kuhamia Newsmax, chaneli nyingine inayomuunga mkono Trump. Januari 2021 Chris Stirewalt, mmoja wa watu wa dawati lile, akapoteza kazi.

Siku chache baada ya uchaguzi mwandishi wao Jacqui Heinrich alikagua ujumbe wa Trump kuhusu mashine za kura za kampuni ya Dominion, akaeleza kwamba hakuna ushahidi kwamba kura ziliibwa. Ujumbe wa simu uliokuja kufichuliwa mahakamani ukamwonyesha Carlson akiwaandikia watangazaji wenzake Hannity na Laura Ingraham kwamba mwandishi huyo afukuzwe, kwamba anaiumiza kampuni, kwamba bei ya hisa imeshuka. Soma tena. Kosa la Heinrich halikuwa kusema uongo. Wala Carlson hakutaja rais amekasirika. Kataja hisa.

Mwisho wake mnaujua: Aprili 2023 Fox wakakubali kuilipa Dominion, iliyowashitaki kwa kuichafulia jina, dola milioni 787.5 ili kesi isiendelee. Jaji alikuwa ameshaamua kwamba madai yale kuhusu Dominion hayakuwa ya kweli.

Karibuni tuchambue. Matusi mkayafanyie kwenye uzi mwingine.

Kiroboto:

Nimeweka kambi hapa na kahawa yangu. Kwa kifupi wote ni machawa, tofauti ni chawa wa nani.

Nahodha77:

Mkuu umechambua vizuri lakini hapo kwenye mtazamaji umeteleza. Mwenye amri ni mwenye mali. Rupert Murdoch alianzisha Fox News Oktoba 1996 akamkabidhi Roger Ailes, mtu ambaye kabla ya hapo alishawafanyia Nixon, Reagan na Bush mzee kazi ya kuwang'arisha kwenye televisheni. Chombo kilizaliwa na kadi ya chama mfukoni. Mtazamaji alikuja baadaye akakuta meza imeshaandaliwa.

Dawa ni kurudisha ile sheria ya usawa iliyofutwa enzi za Reagan. Zamani ukirusha upande mmoja ulilazimika kurusha na wa pili. Wakaifuta, tukapata Fox. Hesabu rahisi.

MsomaMagazeti:

Nahodha, kuhusu Ailes sina ubishi. Ila ile kanuni watu wanaipa sifa ambazo haikuwa nazo. Tume ya mawasiliano, FCC, iliiweka 1949 na kuifuta 1987. Bunge lilijaribu kuifanya sheria kamili mwaka huohuo, Reagan akaipiga kura ya turufu. Mpaka hapo uko sawa. Lakini iliwahusu wenye leseni za masafa ya hewani, redio na televisheni za antena, kwa hoja kwamba masafa ni machache na ni mali ya umma. Fox News, CNN na MSNBC ni za kebo. Hata kama kanuni ingekuwa hai mpaka leo, isingezigusa.

Ilipofutwa, aliyefaidi haraka ni redio. Rush Limbaugh akaanza kusikika nchi nzima 1988, na pale ndipo wafanyabiashara walipojifunza kwamba hasira ya upande mmoja inauzika kila siku, saa tatu mfululizo, kwa gharama ya mtu mmoja na kipaza sauti. Kebo walikuta njia imeshafyekwa.

Na kuhusu mwenye mali: Murdoch alihojiwa chini ya kiapo kwenye kesi ya Dominion, akakiri kwamba baadhi ya watangazaji wake waliunga mkono madai ya kuibiwa kura na kwamba yeye angeweza kuwazuia. Hakuwazuia. Tajiri mwenye amri zote anashindwa kuwakatalia watazamaji wake. Ndiyo hoja yangu hiyo.

BintiWaNne:

Mleta uzi, naomba nikupinge kwa heshima. Huu mtindo wa "huku wamefanya hivi, na kule wamefanya vile" unasomeka vizuri lakini unapotosha kwa namna yake. Unamweka anayesogeza kamera kwa samaki kwenye mzani mmoja na aliyewaambia mamilioni ya watu kwamba kura zimeibwa, huku moyoni akijua si kweli, na watu wakafika mpaka kuvunja milango ya Bunge. Kuna wa pili aliyelipa milioni 787.5? Newsmax nao wamelipa Dominion milioni 67 mwaka 2025. Hao wote wako upande gani? Usawa wa idadi ya mifano si usawa wa makosa.

MsomaMagazeti:

Dada, hoja nimeipokea na sitaikwepa. Kwa uzito wa tukio moja moja, hakuna kilicholingana na Dominion, na sijasema wamelingana. Nilichosema ni kwamba mbinu zinafanana.

Niongeze kitu ambacho sioni kikitajwa sana. Mwaka 2019 Fox walishitakiwa kwa maneno ya Carlson ya kumchafua mwanamke mmoja. Mawakili wa Fox wakajitetea kwamba mtazamaji mwenye akili timamu anajua kipindi kile ni cha kutia chumvi, hachukui kila neno kama taarifa. Jaji akakubali, kesi ikatupwa 2020. Mwaka huohuo Maddow naye alikuwa mahakamani, ameshitakiwa na wenye chaneli ya OAN, ya upande wa Trump, baada ya kusema hewani kwamba wanalipwa kueneza propaganda za Urusi. Utetezi ukawa wa ukoo uleule: hayo ni maoni yaliyokolezwa, na mtazamaji wake anajua hivyo. Naye akashinda, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono 2021.

Kisheria nadhani majaji walikuwa sahihi, uhuru wa maoni una maana yake. Lakini muulize anayekaa mbele ya runinga kila usiku kama anajua kwamba anatazama maoni yaliyokolezwa. Atakuambia anaangalia habari.

Nahodha77:

Hapo umenifunga mdomo. Nimecheka peke yangu.

MzeeWaKumbukumbu:

Vijana mnaongea kama ushabiki wa vyombo vya habari umeanza na kebo. Rais wa kwanza kabisa hakupona.

Mwaka 1789 John Fenno alianzisha Gazette of the United States, likimsifia Washington na serikali yake, na Alexander Hamilton akiwa Hazina akalipatia kazi za uchapaji za serikali. Thomas Jefferson, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa serikali hiyohiyo, akaona haiwezekani. Mwaka 1791 mshairi Philip Freneau akapewa kazi ya ukalimani wizarani kwake, mshahara dola 250 kwa mwaka, kazi nyepesi iliyomwachia muda wa kutosha kuendesha National Gazette, gazeti la kumshambulia Hamilton na baadaye Washington mwenyewe. Yaani waziri anamlipa, kwa pesa ya serikali, mtu wa kumtukana rais wake. Na Washington alipoondoka madarakani Machi 1797, gazeti la Aurora la Benjamin Franklin Bache, mjukuu wa Franklin, lilishangilia.

Hannity kupanda jukwaani na Trump kwenye mkutano wa kampeni Missouri mwaka 2018 watu walishtuka. Freneau angeuliza ajabu iko wapi. Na leo mlango kati ya Ikulu na studio hauna komeo: Jen Psaki katoka kuwa msemaji wa Biden akaingia MSNBC, Pete Hegseth katoka kwenye kochi la Fox akaenda kuongoza wizara ya ulinzi.

BintiWaNne:

Mzee hiyo ya Freneau nilikuwa siijui. Asante sana.

Ila tofauti ninayoiona ni kwamba msomaji wa wakati ule alijua gazeti ni la nani, hakuna aliyejificha. Fox walikaa miaka wakijinadi kuwa ni wa haki na wenye mizani, kaulimbiu wakaiacha 2017.

Kalamu_Kavu:

Nadhani mfano mzuri kuliko yote mmeuruka. Ripoti ya Robert Mueller, mchunguzi maalumu wa Urusi kuingilia uchaguzi wa 2016, iliyotoka 2019.

Tarehe 24 Machi mwanasheria mkuu wa serikali ya Trump, William Barr, alitoa barua ya kurasa nne ya kuifupisha. Ripoti yenyewe, kurasa 448, ikatoka tarehe 18 Aprili. Kwa wiki tatu na ushei nchi nzima ilikuwa na kurasa nne tu za kugombania. Mle ndani mlikuwa na sentensi iliyonukuliwa kutoka kwenye ripoti, kuhusu rais kuzuia uchunguzi: kwamba ripoti haihitimishi kwamba rais alitenda kosa la jinai, lakini pia haimsafishi. Sentensi moja, ina nusu mbili. Fox usiku wakakaa na nusu ya kwanza na "hakuna njama", wakaimba kwamba rais amesafishwa. MSNBC, ambao kwa miaka miwili waliwaaminisha watu kwamba pingu zi njiani, wakashika nusu ya pili kama jahazi linazama.

Ukisoma ripoti, kuhusu Urusi Mueller hakuthibitisha kwamba kampeni ya Trump ilikula njama na serikali ile. Kuhusu kuzuia uchunguzi, kachambua matukio kumi na akakataa kumsafisha. Hayo mawili yanakaa pamoja bila kupigana. Ila hayawezi kukaa pamoja kwenye kipindi kimoja cha saa tatu usiku.

MsomaMagazeti:

Kalamu, naichukua hiyo. Na saa ulizotaja ni za muhimu. Saa kumi na mbili jioni Fox ana Bret Baier, taarifa ya habari yenye waandishi wanaouliza maswali ya maana. Saa tatu usiku ni Hannity. Nembo pembeni ya skrini ni ileile, na mtu akisema "nimeona Fox" hujui kaona kipi. Wengi wanaoitetea Fox wanamtaja Baier, wanaoiponda wanamtaja Hannity, kisha wanashangaa kwa nini hawaelewani.

Mwanafunzi_Mkongwe:

Swali la mwenzenu ambaye si mtaalamu. Hivi kuna mtu amepima kama haya yote yanambadilisha mtazamaji? Au shabiki ni shabiki tu, hata umlishe nini?

Kalamu_Kavu:

Wamepima. Wanazuoni wawili, David Broockman na Joshua Kalla, waliwachukua watazamaji wa kudumu wa Fox, wakawalipa baadhi yao dola 15 kwa saa waangalie CNN badala yake, mpaka saa saba kwa wiki, mwezi mzima wa Septemba 2020. Na waliwapa maswali ya kuhakikisha kweli wameangalia, si kula pesa ya bure.

Mwezi ule CNN ilijaa Korona na namna Trump alivyoishughulikia. Fox ilijaa ghasia za mitaani na hatari za kumchagua Biden. Waliohamishwa walibadilika: walijua zaidi kuhusu janga, na wengine wakaanza kuona kwamba Trump akifanya baya Fox hawatawaambia. Hili la mwisho ndilo zito. Hawakugeuka Wademocrat, wala hakuna aliyetegemea hivyo. Waligundua kwamba kuna kitu hawakuwa wanaonyeshwa.

MsomaMagazeti:

Mkasi ule ule. Mtu hajui kilichokatwa mpaka akalale nyumba nyingine.

Mwanafunzi_Mkongwe:

Na baada ya Septemba, pesa ilipokoma?

Kalamu_Kavu:

Wengi wakarudi Fox, na mabadiliko mengi yakafifia.

Kiroboto:

Ngoja kwanza. Dola 15 kwa saa, kukaa kwenye kochi kuangalia CNN? Hiyo nafasi inaombwa wapi wakuu, mimi niko tayari hata kwa zote tatu.